Shangazi, mwanangu haoni na hashiki kitu. Nitacheza naye vipi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 26, naishi Pangani, mkoani Tanga. Mume wangu ni mvuvi. Nina mtoto mmoja wa kiume, ametimiza miaka miwili na miezi minne. Uchungu wangu ulikuwa mrefu, akazaliwa hakulia, wakamkimbiza kwenye oksijeni. Alipofika miezi mitano nikaona hanitazami usoni. Tumezunguka hospitali, mwisho tukaambiwa ana mtindio wa ubongo, na kwamba macho yenyewe ni mazima ila ubongo haupokei vizuri yanachokiona. Hawezi kukaa bila kushikwa. Shingo ameikaza mwaka huu tu. Ukimwekea kitu mkononi anakiachia papo hapo.

Mtaalamu wa mazoezi aliyemwona alinionyesha namna ya kumnyoosha viungo, kisha akaniambia, "Na ucheze naye sana, mama." Hakusema nicheze naye nini. Nimejaribu, Shangazi. Nilinunua mdoli wa betri anayeimba. Siku ya kwanza mtoto alishtuka, siku ya tatu hakuwa na habari naye. Nikampigia kayamba karibu na sikio. Aliacha kurusha miguu, akatulia tuli, wala hakugeuza kichwa. Nikaingiwa na hofu kwamba sasa na masikio nayo hayafanyi kazi. Jirani akanishauri mchanga wa pwani, kwamba watoto wote wanaupenda. Nilimshika viganja nikavizamisha, akalia mpaka akatapika. Tangu siku hiyo nikimgusa mikono tu anaikunja ngumi.

Kutwa yuko chali kwenye mkeka, anaukodolea mwanga wa dirishani na kuurusharusha mguu wa kushoto. Mama mkwe wangu, ambaye anampenda kweli mjukuu wake, ananiambia, "Mwache malaika wa watu apumzike, unamsumbua bure." Usiku najiuliza kama ni kweli namsumbua. Mtoto wa namna hii anaweza kucheza? Na kama anaweza nianzie wapi, maana pesa za kununua vifaa hatuna.

Mama J., Pangani

* * *

Marahaba mwanangu,

Pole kwa uliyoyapitia, na hongera kwa kuyaandika kwa makini hivi. Nimefundisha watoto wasioona kwa miaka 19, wengi wao wakiwa na ulemavu mwingine juu ya huo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale uliposema alitulia tuli. Naanza na hapo.

Mwanao alikuwa anaisikiliza kayamba. Mtoto anayeona akisikia mlio anageuka kwa sababu anataka kuona kinacholia. Huyu akigeuka atapata nini? Anachofanya ni kunyamazisha mwili mzima, miguu na hata pumzi, ili sikio libaki na kazi moja. Wazazi wengi huusoma utulivu huo kama kutojali, wakaondoa kitu wakati ndiyo kwanza mtoto amekipata. Mtafiti wa Kimarekani, Selma Fraiberg, aliwafuatilia watoto waliozaliwa bila kuona na wasio na ulemavu mwingine. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1977 alieleza kwamba sauti peke yake haikuwafanya wanyooshe mkono kufuata kitu mpaka karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza wa maisha. Hao ni watoto ambao mikono na miguu inawatii. Wako viungo vinamgomea, kwa hiyo mpe muda mrefu zaidi, na usimhukumu kwa kichwa ambacho hakikugeuka. Masikio yapimwe hata hivyo, kwa sababu mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuathirika usikivu pia. Omba kipimo hicho utakapompeleka kliniki safari ijayo.

Sasa kuhusu kuachia vitu. Jaribu kufikiria dunia yake. Kitu kinatua kiganjani bila hodi, hajui kimetoka wapi. Kikidondoka, kimepotea kabisa. Hawezi kukisindikiza kwa macho wala kukitafuta chini ya mkeka. Kwa nini akishikilie? Sisi tulijifunza kwamba mpira ulioviringika bado upo kwa sababu tuliuona ukiviringika. Yeye atajifunza hilo ikiwa tu kitu anachokigusa leo atakikuta palepale kesho, na kesho kutwa, na ikiwa yeye mwenyewe ndiye aliyekigusa. Haya mawili ndiyo msingi wa yote nitakayokueleza: vitu vimguse bila yeye kuvifuata, na asishikwe mkono kulazimishwa.

Mtu aliyenifungua akili kwa jambo hili ni mama mmoja wa Denmark, Lilli Nielsen, aliyefariki mwaka 2013. Alikua na ndugu zake wasioona nyumbani kwao, kisha akafanya kazi miaka mingi na watoto wasioona kwenye taasisi ya Refsnæs mjini Kalundborg. Mwaka 1988 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wake juu ya watoto hawa. Vifaa vyake viwili vinajulikana karibu duniani kote wanakosomeshwa watoto wenye ulemavu zaidi ya mmoja, na vyote viwili unaweza kuvipata hapo hapo Pangani bila duka la vifaa.

Cha kwanza ni ubao unaovuma. Nenda kwa seremala, mwombe kipande cha plaiwudi nyembamba ya milimita 4, upana wa mita moja na sentimita 20 kila upande. Akipigilie papi za sentimita 2 pembeni kuzunguka, upande wa chini, ili katikati ubao usiguse sakafu. Ausugue msasa vizuri kwa ajili ya vibanzi. Basi. Mtoto akilala juu yake, kila anachokifanya kinamrudia: kisigino kikigonga, kishindo kinasikika na wakati huohuo kinatetemesha mgongo wake. Kwenye mkeka juu ya saruji mguu wa kushoto umerushwa mwaka mzima na dunia haikumjibu hata mara moja.

Cha pili Nielsen alikiita Chumba Kidogo. Kwako kitakuwa boksi. Tafuta boksi kubwa gumu, lile la televisheni au la jokofu dogo, toa upande wa chini na mmoja wa ubavuni, ili likimfunika abaki na paa na kuta tatu, kichwa na mikono ikiwa ndani. Toboa matundu juu, ning'iniza vitu kwa lastiki ya kushonea nguo. Lastiki, kamba haifai, kwa sababu lastiki ikivutwa inakirudisha kitu mahali pake. Ning'iniza chini kiasi kwamba vitu tayari vinamgusa kifuani na kwenye vifundo vya mikono akiwa hajafanya lolote. Akitikisika kidogo tu, vinatikisika. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa. Kijiko cha chuma kando ya mfuniko wa sufuria. Brashi ya kufulia, dodoki kavu, fungu la funguo kuukuu, kombe kubwa la baharini lililooshwa. Sita au saba vinatosha. Vitofautiane kwa ubaridi, uzito, ukwaruzo na mlio, maana hizo ndizo rangi zake.

Na usivibadilishe! Hili wazazi wananikatalia kuliko yote. Siku ya nne mama anaona mtoto amechoka na kijiko, analeta kitu kipya, na mtoto anaanza upya kujifunza mji ambao barabara zake zinahamishwa kila asubuhi. Viache vilevile, mahali palepale, majuma mawili matatu. Ukiona anavifanyia jambo lilelile bila kuongeza kitu, ongeza kimoja na vingine vibaki.

Nikusimulie mtoto mmoja wa kike niliyemfundisha, alikuwa na miaka mitatu, haoni, na mwili wake mgumu kuliko unavyoeleza wa mwanao. Majuma mawili alilala juu ya ubao kana kwamba yuko kitandani. Asubuhi moja kisigino kikateleza kikagonga. Akatulia. Midomo ikabaki wazi kidogo, kidole cha gumba kimenyooka. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika 40, nikajiambia imepita hiyo. Kisigino kikagonga tena. Kikatulia muda mfupi zaidi, kikagonga, kikagonga. Nilikuwa na watoto wengine wanne chumbani na sikuthubutu hata kuvuta kiti. Nilijua gharama yake, kwa sababu mwaka uliotangulia mtoto mwingine alifanya vivyo hivyo nami nikapiga makofi na kumsifu kwa sauti. Alishtuka, mikono ikakakamaa, na ilichukua siku nyingi kabla hajajaribu tena. Nilimnyang'anya mchezo wake nikidhani nampongeza.

Kwa hiyo akiwa anacheza, nyamaza. Kaa karibu aweze kusikia harufu ya kanga yako, usimwambie "vizuri", usimtajie majina ya vitu, usiwashe redio. Akimaliza mwenyewe, akapumzika, hapo ndipo pa kuzungumza: "Umegonga mfuniko. Mimi nimeusikia." Dakika 15 au 20, mara moja au mbili kwa siku, wakati ameshiba na hajachoka.

Usimwache peke yake chini ya boksi hata unapokwenda kuepua chungu. Lastiki zisiwe ndefu za kuweza kumzunguka shingo. Kitu kinachoweza kuingia chote kinywani kisiwemo, na kila asubuhi vuta kimoja kimoja uone hakijalegea. Vishindo vikimshtua sana mpaka anakakamaa, tandika shuka kwenye ubao siku za mwanzo. Akiwa na dalili za degedege, macho kupinduka au mwili kutetemeka kwa mpigo, ondoa vitu, mlaze ubavu, umpeleke hospitali.

Muulize pia yule mtaalamu wa mazoezi kuhusu kumlaza ubavu wakati wa mchezo, na kanga iliyokunjwa imara nyuma ya mgongo. Akiwa chali mikono inaangukia pembeni, kila mmoja na njia yake. Akilala ubavu inakutana mbele ya kifua, na watoto wengi wenye mtindio hugusa kitu kwa mikono miwili kwa mara ya kwanza wakiwa hivyo.

Nije kwenye mchanga, maana najua hapo umejilaumu. Mikono ni macho yake. Mtu akikushika kichwa ghafla akakufungua kope kwa nguvu uangalie kitu cha baridi, chenye maji, kinachokwaruza, nawe utalia. Ngumi anazokunja sasa ni mlango ameufunga, na utafunguka kwa subira. Kwa majuma kadhaa usimshike viganja kabisa, isipokuwa kumwosha, na hapo mwambie kwanza. Tumia miguu. Nyayo za mtoto anayeogopa kushika huwa jasiri kuliko viganja, na wa kwako ana mguu mmoja ambao haujaacha kufanya kazi. Weka makumbi ya nazi makavu mahali nyayo ya kushoto itakapoyakuta yenyewe. Baadaye mchele mkavu kwenye ungo, baadaye mchanga mkavu uliochomwa na jua kidogo, na maji mwishoni kabisa. Anza na vikavu. Akiondoa mguu, amejibu, subiri, usiurudishe.

Siku mikono itakapolegea, weka yako chini ya yake. Wewe shika kifuu, na vidole vyake vikae juu ya vyako kama mtu aliyepakiwa mgongoni. Anaweza kushuka wakati wowote. Ukimshika kwa juu umemfunga; ukimbeba kwa chini amekufuata kwa hiari yake.

Mchezo wa mwili nao anauhitaji, kwa sababu mtoto asiyejiendesha hajui mwili wake unaanzia wapi na kuishia wapi. Hapa mwite baba yake. Siku asipokwenda baharini, shikeni ncha za shuka nene la pamba, mtoto katikati, chini kabisa juu ya godoro. Kabla ya kumnyanyua, mguse begani, palepale kila siku, umtaje jina. Bembeeni polepole mara tano, kisha simameni. Simameni kweli, msubiri hata mkihesabu 30. Akirusha mguu, akitoa sauti, akivuta pumzi, hilo ni neno lake: tena. Bembeeni mara moja papo hapo. Nimeona akina baba wagumu wakitokwa na machozi walipogundua mtoto wao anawaita kwa mguu. Msimrushe juu, msimzungushe ghafla, na iwe saa nzima baada ya kula, kwa vile hutapika upesi.

Kuna jambo katika barua yako ambalo huenda hukulipa uzito. Ulisema macho ni mazima na ubongo ndio haupokei. Watoto wa namna hii mara nyingi wana uoni kidogo, unaokuja na kuondoka, na huweza kuongezeka ukifanyiwa kazi. Kule kukodolea dirisha ni dalili mojawapo: mwanga unamvuta. Basi mgeuze, dirisha liwe nyuma yake, mwanga uangukie kile unachotaka akione. Tandika kaniki nyeusi mbele yake, isiyo na maua wala maandishi. Chukua kitu kimoja cha rangi kali, kikombe cha plastiki chekundu au kipande cha dumu la njano kilicholainishwa kingo, ukisogeze taratibu upande mmoja wa uso wake. Kimoja, na kimya kimya, maana wengi wao hawawezi kutazama na kusikiliza kwa pamoja. Wengine hutazama mara moja kisha hugeuza uso ndipo mkono ukaenda, usidhani amekichoka. Kitenge chako chenye maua na ndege wa rangi nane kwake ni kelele tupu. Na arudishwe kliniki ya macho kila mara wanapokupangia; kama utapewa rufaa, hospitali za KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam zote zina madaktari wa macho wanaohudumia watoto.

Yule mdoli wa betri muweke kabatini. Anaimba akigusika na asipogusika, hamfundishi mtoto kwamba mkono wake una nguvu. Mfuniko wa sufuria unamfundisha hilo kwa mara moja.

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usibishane naye, kwa sababu jicho lake limeona jambo la kweli. Mtoto amehangaishwa: kanyooshwa, kapigiwa kayamba, kazamishwa viganja, vyote kwa mapenzi, na katika vyote hakuna alichokianzisha yeye. Mwambie, "Mama, umesema kweli, namsumbua, nisaidie nisimsumbue." Kisha mpe kazi. Yeye ndiye asugue vifuu, wakongwe wa pwani wanajua kukisugua kifuu kikawa laini kama kioo. Na anapokuna nazi, mwekeni mtoto mgongoni kwake kwa mbeleko, kifua kimeugusa mgongo wa bibi. Ule mwendo wa kukuna, mbele nyuma, mlio wa meno ya mbuzi kwenye nazi, harufu ya tui bichi, kisha kimya anapogeuza kifuu: huo ni mchezo kamili wa kusikia, kunusa na kutikisika, na mtoto amekuwa ndani ya shughuli ya nyumba. Baada ya siku kadhaa bibi asimame katikati ya kukuna, bila kusema kitu, asikilize kinachotokea mgongoni mwake. Nadhani hatakuambia tena umwache alale.

Mambo ya shule bado, ila anza kuulizia mapema kwa afisa elimu maalumu wa wilaya yenu. Katika mkoa wenu kule Irente, Lushoto, kuna shule ya wasioona na nyingine ya watoto wenye ulemavu wa akili. Hata kabla hajafikia umri wa kwenda popote, walimu wa aina hiyo hufurahi kumwona mzazi na kumwelekeza.

Sikuahidi kwamba atakaa mwezi ujao, wala kwamba ataona. Sijamshika, na hata ningemshika nisingeahidi. Swali lako lilikuwa kama anaweza kucheza, na jibu langu ni kwamba tayari anajaribu, kwa mguu wa kushoto. Anza na huo. Ukishapata ubao, kabla hata ya boksi, mlaze juu yake, egesha ule mfuniko wa sufuria pale kisigino kinapofikia, ukae kimya. Pata daftari dogo uandike kila siku mambo mawili tu: alitulia kwa muda gani, na aligonga mara ngapi. Baada ya majuma matatu niandikie ulichokikuta kwenye daftari, nasi tutazungumza kuhusu mguu wa kulia.

Wako,
Shangazi